Muulize Bwana Misitu: Iliki, vipepeo na mpaka wa Amani

Toleo lililopita niliandika kwamba Hifadhi ya Mazingira Asilia Amani, kule Usambara Mashariki, isingekuwapo leo kama si watu wa vijiji vinavyopakana nayo. Nilidhani nimesema jambo la kawaida. Barua zilizokuja zinaonyesha wapo waliofurahi, wapo waliokasirika, na yupo mmoja aliyeuliza kama nimeanza kampeni za udiwani. Sigombei. Utumishi wangu niliumaliza katika milima hiyo, sasa nina mikarafuu yangu na magoti mabovu, na udiwani unataka magoti mazima. Hizi hapa barua nilizochagua.

SWALI: Bwana Misitu, shikamoo. Sisi wa Tanga mjini kila mara tunaambiwa msitu wa Amani ndio unaotuletea maji. Lakini shuleni tulifundishwa kwamba mti hunywa maji kwa mizizi. Miti yote hiyo si ndiyo inayotumalizia? Na mbona mvua ikipiga milimani, bombani hutoka maji mekundu?
*Mama wa watoto watatu, Ngamiani*

JIBU: Marahaba, mama. Mwalimu wako hakukudanganya. Mti hunywa, na mingine hunywa kwa pupa. Mkaratusi ni mmojawapo. Ukipima maji ya mwaka mzima, mlima uliofyekwa unaweza kabisa kumwaga mtoni mengi kuliko mlima wenye msitu. Ila wewe huhitaji maji ya mwaka mzima kwa siku moja. Swali ni yanashuka lini, na yanashuka na nini.

Amani hupata karibu milimita 2,000 za mvua kwa mwaka, na miteremko yake ni mikali. Mvua ikinyesha juu ya msitu hupiga kwanza majani ya juu, hutiririka kwenye mashina, hukuta chini tabaka la majani makavu, kisha udongo uliotobolewa na mizizi na wadudu. Huzama. Hutokea baadaye kwenye chemchemi, taratibu, ikiwa safi. Ndiyo sababu Mto Zigi haukauki mara tu mvua zinapokatika. Mvua hiyohiyo ikinyesha kwenye shamba la mahindi lililolimwa kufuata mteremko, hushuka siku ileile na udongo wake, ikaingia Zigi, na Zigi ikaupeleka Mabayani, kwenye bwawa mnalolitegemea nyinyi wa mjini. Wekundu unaouona bombani ni shamba la mtu. Na usidhani lote linakufikia: sehemu kubwa hutuama bwawani, na kila inapotuama bwawa hubeba maji pungufu.

Lipo jambo ambalo watu wa mjini hawaliulizi: nani anayelizuia tope hilo? Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto. Katika karatasi ni maneno mazuri. Nenda na futi kamba katika yale mabonde membamba, pima hizo 60 kutoka majini, utakuta umemaliza shamba lote la mama mmoja na umeingia jikoni kwake. Kumwambia aache tu kulima, kisha ukapanda gari ukaondoka, sikuiti kuhifadhi. Wakulima wa mabonde ya Kihuhwi na Zigi wana chama chao, UWAMAKIZI, ambacho kimefanya kazi na mamlaka ya maji ya Tanga: kuchimba makingamaji, kupanda miti kandokando ya mto, kubadili mazao pale mteremko ulipozidi. Hao ndio wanaokuchujia maji kabla ya mtambo wa kuchujia. Kisha kuna wachimbaji. Dhahabu ilipovuma upande wa Sakale mwanzoni mwa miaka ya 2000, watu walikuja kwa makundi na sululu, wakafukua hadi vitanda vya vijito. Dhahabu yenyewe ilikuwa ya kubahatisha, matope yalikuwa ya hakika.

Ukitaka kusaidia ukiwa hukohuko Ngamiani, siku ya mkutano wa wateja wa maji simama uulize: mwaka huu zimetengwa shilingi ngapi kwa ajili ya wakulima wa juu? Nikiuliza mimi watasema mzee kaanza. Mteja anayelipa bili watamjibu.

SWALI: Wewe leo unatusifu, ila zamani mlitutoa. Baba yangu alikuwa na iliki katika msitu wa Derema. Hakuangusha mti mkubwa hata mmoja, kivuli kilikuwa kimefunga. Tukaondolewa, tukalipwa, pesa ikaisha. Iliki haiharibu msitu. Kwa nini tuliondolewa, na je, tutarudishiwa?
*Mkulima, tarafa ya Amani*

JIBU: Ndugu yangu, nianze na pale uliposema kweli, maana wengi hawapendi kupasikia. Miaka ambayo baba yako alikuwa akichuma iliki chini ya kivuli, kampuni za mbao zilikuwa zikiingia Usambara Mashariki na mitambo, zikiburuta magogo ya mtambara na mvule hadi barabarani, na hali hiyo iliendelea hadi miaka ya 1980. Mwenye mtambo alikuwa na leseni. Mwenye iliki hakuwa nayo. Mtu akiniuliza ni nani kati yao aliyeacha majeraha makubwa zaidi milimani, sihitaji kufikiri.

Tunapoachana ni hapa. Iliki hutaka kivuli juu, lakini chini hutaka nafasi. Mkulima hufyeka vichaka, na ndani ya vichaka hivyo ndimo ilimo miche ya mnyasa, mtambara na mfimbo. Baada ya miaka mingi ukitazama juu unaona msitu, ukitazama chini huoni wa kurithi. Ni kama boma lililobaki na wazee watupu, hakuna kilio cha mtoto. Kisha ardhi huchoka, iliki huanza kuzaa vipunje, na mwenye shamba, ambaye naye ana ada za kulipa, hufungua kivuli kidogo apande migomba, kidogo tena apande miwa, muhogo. Nimeyaona mashamba katika kila hatua hizo. Hakuna mkulima aliyeamka siku moja akasema leo namaliza msitu.

Derema yenyewe si kubwa, haifiki hekta 1,000. Amani, iliyotangazwa mwaka 1997 ikiwa hifadhi ya kwanza ya mazingira asilia nchini, ina hekta 8,380. Lakini Derema ni ushoroba: iko katikati ya Amani na misitu ya kaskazini yake. Mbega anaweza kuthubutu kukatiza shambani. Ndege wa sakafu ya msitu, chura, na yule kinyonga mwenye pembe tatu ambaye wanasayansi wamempa jina la Derema, hawathubutu, na wakithubutu hawafiki. Bila ushoroba ule ungebaki na misitu miwili inayozeeka kila mmoja peke yake. Kwa hiyo sababu ya kuufunga ilikuwapo, na mpaka leo naitetea.

Nisichokitetea ni namna. Mashina ya iliki yalihesabiwa moja moja, ya wakulima zaidi ya 1,000. Baada ya kuhesabu, miaka ikapita. Shamba huruhusiwi kulipalilia, pesa hujaiona, mtoto anafukuzwa ada. Malipo yalipokamilika, kwa msaada wa fedha kutoka Benki ya Dunia, na msitu ukatangazwa rasmi mwaka 2010, watu walikuwa wamekwisha kukopa na kuuza mbuzi. Halafu ile pesa ilikuwa ya mkupuo. Shina la iliki hulipa kila msimu. Pesa ya mkupuo hulipa mara moja, na mara nyingi iliingia mkononi mwa baba ilhali aliyechuma na kuanika kwa miaka yote hiyo alikuwa mama. Ningekuwa na sauti wakati ule ningesema mlipeni mtu kabla hamjamzuia, na mgawieni kwa awamu zinazofuata msimu. Sauti sikuwa nayo, nilikuwa na daftari tu.

Kurudishiwa? Hapana, na anayekuambia subiri uchaguzi ujao anataka kura yako. Weka nguvu kwenye shamba lako halali. Iliki hukubali kivuli cha mti wowote mzuri, si lazima uwe wa serikali. Acha miti ya asili iliyoota yenyewe shambani, pandisha pilipili manga kwenye mashina yake, ongeza mdalasini na karafuu pembeni. Panda msambu, mbegu zake zina mafuta mazito ambayo tangu miaka ya mwanzo ya 2000 yamekuwa na wanunuzi wa viwandani. Tahadhari: msambu wa mbegu huchelewa sana kuzaa, utavunjika moyo. Tafuta mche uliobebeshwa, na uhakikishe una mti dume na mti jike, maana mti huo una jinsia na dume hatakupa tunda hata umbembeleze.

Jambo la mwisho kwako, na hili waambie na wenzako. Hifadhi inapotafuta vibarua wa kusafisha mpaka na kuchimbia vigingi, dai katika mkutano wa kijiji wachukuliwe watu wa kijiji kinachopakana na kipande hicho, si vijana wa kupakiwa kwenye lori kutoka mjini. Mpaka ukifyekwa na mtu anayeishi pale, jirani yake anajua umepita wapi na aliyeuweka ni nani. Ukifyekwa na mgeni, kigingi hupata miguu usiku.

SWALI: Shikamoo babu. Mimi nilikuwa nafuga vipepeo. Mwaka 2016 ilipopigwa marufuku kusafirisha wanyama hai nje ya nchi, biashara yetu ikakatika. Kizimba changu sasa ni banda la kuku. Hivi kipepeo na twiga ni kitu kimoja?
*Mama mfugaji, Muheza*

JIBU: Marahaba, mama yangu. Ukicheka hapo mwisho nami nimecheka, ila kicheko cha uchungu.

Kwa wasomaji wasiojua: kijijini mfugaji hunasa jike wa kipepeo msituni, humweka kwenye kizimba cha chandarua pamoja na mmea ambao aina hiyo hutagia. Mayai yakianguliwa, viwavi hulishwa majani ya mmea huohuo na hayo tu, ukibadilisha wanakufa. Wakishajifunga kwenye vifukofuko, kabla ya marufuku vilikuwa vikifungwa katika pamba na kupelekwa kwa ndege Ulaya na Marekani, kwenye nyumba za maonyesho, na ilikuwa lazima vifike kabla kipepeo mwenyewe hajatoka. Mradi wa Vipepeo Amani ulianza mwanzoni mwa miaka ya 2000 chini ya Shirika la Kuhifadhi Misitu ya Asili Tanzania, na wanawake wengi walijenga nyumba kwa pesa ile.

Marufuku ilitokana na hasira ya haki. Twiga walikwishapakiwa kwenye ndege mwaka 2010 na nchi nzima ikafedheheka. Lakini ilipoandikwa haikumtofautisha anayeiba porini na anayezalisha nyumbani kwake. Kwa maoni yangu, ule ulikuwa mshahara bora wa ulinzi wa msitu kuwahi kufika vijijini kwetu, na haukutoka hazina. Mfugaji alirudi msituni kutafuta jike mpya damu ya kizimbani ilipochoka, akajua mti upi hulisha kipepeo yupi, na akimwona mtu na panga karibu na mti huo alikuwa wa kwanza kupiga kelele. Doria ya bure. Wakati huohuo ua la Usambara, lile la zambarau ambalo mbegu zake zilipelekwa Ujerumani miaka ya 1890, linauzwa madirishani dunia nzima, na sijasikia mtu wa Muheza aliyejengewa hata choo kwa faida yake.

Ushauri: kuku waache, mayai ni mayai. Ila usitupe vyandarua wala usikate mimea uliyooteshea viwavi. Jiungeni kikundi, muombe mhifadhi eneo karibu na wanakofikia wageni, mfungue kizimba cha kuonyesha. Kipepeo akitazamwa hapahapa hajavuka mpaka wowote. Na andikeni kupitia diwani na mbunge, mkiomba kanuni ya wadudu wanaozalishwa itenganishwe na ya wanyama wanaokamatwa. Barua iwe fupi, na majina ya wafugaji wote chini yake.

SWALI: Nina miaka 22, nimemaliza kidato cha nne, naishi Kilindi. Nataka kuwa askari wa hifadhi kama wale wa kwenye televisheni, na bunduki na magari. Nianzie wapi?
*Kijana mwenye nia*

JIBU: Mwanangu, nia nimeiona. Bunduki tuiweke kando kwanza.

Nikueleze siku ya kazi ilivyo. Unaamka kabla ya jua, umande umelowesha suruali mpaka kiunoni. Unafuata mpaka, kigingi kwa kigingi, ukiandika: hiki kipo, hiki kimeanguka, hapa pana njia mpya ya kuni. Upupu unakuwasha, siafu wanakupanda. Unakuta jukwaa la kupasulia mbao na unga wa mbao bado mbichi, watu wamekwenda. Unarudi, unaandika ripoti, na kesho unakwenda kukaa kwenye benchi la ofisi ya kijiji ukimsikiliza mzee aliyekasirika kwa sababu tumbili wamemaliza mahindi yake na hakuna anayemlipa. Hiyo ya mwisho ndiyo kazi ngumu. Wako wenzetu waliojeruhiwa na waliouawa na majangili, sipunguzi hatari yake. Lakini niliowaona wakishindwa kazi hii wengi walishindwa kwenye lile benchi, si porini.

Vyuo vipo. Kwa misitu ni Olmotonyi, Arusha, chuo cha tangu 1937. Kwa askari wa wanyamapori ni Pasiansi, Mwanza. Mweka, Kilimanjaro, ni cha usimamizi wa wanyamapori. Ukipenda nyuki kuna Tabora, na usidharau nyuki, mzinga uliotundikwa mpakani hulinda vizuri kuliko ubao wa onyo. Likuyu Sekamaganga, kule Namtumbo, hufundisha askari wa wanyamapori wa vijiji. Sifa za kujiunga soma kwenye tangazo la chuo chenyewe, usiulize mtu wa stendi.

Lakini kabla ya chuo, anzia kijijini kwako. Uliza kama mna Kamati ya Maliasili ya Kijiji. Sheria ya Misitu ya 2002 imekipa kijiji uwezo wa kutenga msitu wake kwenye ardhi ya kijiji, kuutungia sheria ndogo na kubaki na mapato yake. Si ndoto: Duru-Haitemba, Babati, wanavijiji walikabidhiwa msitu wao miaka ya 1990 wakati serikali ilipokuwa karibu kuuchukua, na wakaulinda kwa zamu zao wenyewe. Kule Kilwa vijiji vimeuza mpingo wao wenye cheti cha kimataifa, kilichopatikana mwaka 2009. Ukikuta kamati yenu imelala, omba kuiandikia kumbukumbu za vikao. Utashangaa jinsi kamati inavyoamka ikijua maneno yake yanaandikwa. Na mtafute mzee anayejua miti kwa kunusa gome, mfuate akienda kuchimba dawa, jifunze majina. Siku ya usaili vijana wote watasema wanapenda mazingira. Wewe utaonyeshwa jani, na utalitaja.

SWALI: Bwana Misitu, kila mwaka mnatuhimiza wanafunzi wapande miti. Nimesikia Amani watu wanang'oa miti. Nitawaelezaje watoto?
*Mwalimu, Korogwe*

JIBU: Waeleze kwamba mti nao huwa mgeni. Unaong'olewa hasa ni mesopsisi. Bukoba ni kwao, na huko hauna ubaya. Usambara uliletwa mwanzoni mwa karne ya 20, enzi za kituo cha utafiti ambacho Wajerumani walikianzisha Amani mwaka 1902, baadaye ukapandwa zaidi kwa kuwa hukua upesi. Mitambo ya mbao ilipoacha mapengo msituni, mesopsisi uliyajaza kabla mnyasa haujajikuna. Hondohondo hupenda sana matunda yake na hudondosha mbegu kila anakotua, kwa hiyo hata pasipopandwa na mtu unaota. Wataalamu bado wanabishana kama utaendelea kutawala au utazeeka na kuipisha miti ya asili. Mimi niko upande wa kung'oa ukiwa mchanga, wakati bado unatoka kwa mkono mmoja. Ukishapita kiuno itakubidi utafute jembe na mwenzako.

Ukitaka kuwaleta wanafunzi washiriki, andika barua kwa mhifadhi mapema na usubiri jibu. Ndani ya hifadhi hata mche wa mgeni haung'olewi bila ruhusa.